Mchoro wa Gemu Hupimwa kwa Kazi Yake

Kijana anayetaka kuchora kwa ajili ya michezo ya kompyuta siku hizi hakosi pa kuanzia. Programu ya kuchora ya Krita anaipata bure, Blender, ya kujenga maumbo ya pande tatu, imekuwa bure na wazi tangu mwaka 2002, na masomo ya video yamejaa YouTube hata hajui aanze na lipi. Kinachomkwamisha ni mpangilio. Anaona picha ya shujaa aliyevaa deraya, kila msumari unaonekana, kila unywele umechorwa, anaamini kwamba mng'aro ule ndio ufundi wenyewe. Anaanza kusaka brashi iliyochora nywele zile. Miezi inapita, kompyuta imejaa brashi, na shujaa wake bado hana uzito wala hasimami ardhini.

Kijana huyo si mvivu. Wengi wa namna yake hukesha. Amekosea kudhani kwamba mchoro wa gemu hupimwa sawa na picha ya kutundikwa sebuleni. Mchoro wa gemu unangojewa na watu wawili. Wa kwanza ni mchezaji, mwenye muda mfupi mno wa kutambua kilicho mbele yake. Wa pili ni mwenzake kwenye timu, anayetakiwa kuujenga kwa pande tatu bila kubahatisha. Asiyewafikiria watu hao hujifunza kichwa chini miguu juu: huanza na umaliziaji, ambao hubadilika kila teknolojia inapobadilika, akauacha mwisho uamuzi, ambao kanuni zake ni zilezile tangu enzi za rangi za mafuta. Makala haya yanatetea mpangilio wa kinyume.

Maswali ya mchezaji

Mwaka 2007 kampuni ya Valve ya Marekani ilitoa Team Fortress 2, gemu ya kurushiana risasi yenye wahusika wa aina 9 na timu mbili, nyekundu na bluu. Wasanii wake walieleza hadharani jinsi walivyofikiri, na maelezo yao yanafaa kusomwa na kila mwanafunzi wa fani hii. Walijiuliza: mtu anapochomoza kwenye kona, mchezaji anahitaji kujua nini, na kwa utaratibu gani?

Swali la kwanza ni kama huyu ni mwenzetu au adui. Rangi ndiyo inayojibu: za joto kwa timu moja, za baridi kwa nyingine. La pili: huyu ni nani, nimkimbie au nimkabili? Hapo linajibu umbo la nje. Pande la mtu lenye bunduki nzito halifanani hata kidogo na kijana mwembamba mwenye mbio, hata ukiwapaka wote weusi tii. La tatu ni silaha aliyoshika. Wasanii wale waliwachora wahusika miguu ikiwa na giza na kifua kikiwa na mwanga, kwa sababu silaha hushikwa usawa wa kifua, na jicho huvutwa pale giza na mwanga vinapokutana kwa nguvu.

Mwalimu wao mmoja katika hayo alikuwa J. C. Leyendecker, Mmarekani aliyechora majalada ya magazeti kwa rangi za mafuta mwanzoni mwa karne ya 20. Alifariki muda mrefu kabla ya kompyuta kuingia majumbani, lakini jalada lake lilipaswa kusomeka na mpita njia aliyeliona mara moja tu kwenye kibanda cha magazeti. Shida ya mpita njia yule ndiyo shida ya mchezaji wa leo.

Kamera ikibadilika, majibu nayo hubadilika. Katika Dota 2, gemu nyingine ya Valve, mchezaji huwatazama wahusika kutoka juu. Mwongozo ambao kampuni iliwaandikia wasanii wa nje unasisitiza kwamba mwanga na mapambo viwekwe kichwani na mabegani, na miguu ififie gizani. Mchoraji aliyemaliza nguvu zake kwenye viatu amepoteza muda wake na wa timu. Kwenye simu, ambako vijana wengi wa Afrika Mashariki huchezea gemu, jambo hili lina uzito zaidi: mhusika mzima huenda akawa mfupi kuliko ukucha. Mwanafunzi anayekuza picha mara nne ili achore kope anachora kitu ambacho hakuna mchezaji atakayekiona.

Ngazi tatu kabla ya umaliziaji

Ngazi ya kwanza ni mwanga na giza. Picha yenye rangi mbovu lakini mpangilio mzuri wa mwanga na giza bado husomeka. Yenye rangi nzuri na mpangilio mbovu haisomeki. Mwaka 1995 Edward Adelson wa chuo cha MIT alichora ubao wa drafti uliofunikwa na kivuli cha silinda. Mraba mmoja ulio nje ya kivuli unaonekana mweusi, mwingine ulio ndani ya kivuli unaonekana mweupe, kumbe yote miwili ni kijivu kilekile. Ukiziba picha yote ukabakiza miraba hiyo tu, unashuhudia usawa wake. Ukifunua tena, macho yanakataa. Hiyo ndiyo hali ya mchoraji kila siku. Jicho hulinganisha, halipimi, na anayechora kila kitu peke yake bila kukilinganisha na jirani yake hupotea.

Ndiyo maana walimu wazuri huanza na zoezi linaloonekana la kitoto: chora mandhari kwenye nafasi isiyozidi ukubwa wa kibiriti, kwa kijivu cha aina tatu au nne tu, kwa brashi kubwa. Hakuna nafasi ya jani wala tofali. Kilichobaki ni kuamua: nini kiwe mbele, nini nyuma, jicho litue wapi. Mwanafunzi aliyechora vijichoro vya namna hiyo kwa wingi hufika kwenye picha kubwa akiwa tayari anajua anachotaka kusema.

Ngazi ya pili ni umbo. Kichwa kina mbele, pembeni na juu. Mkono ni mirija inayoungana. Gari ni sanduku lililokatwa pembe. Sheria za umbali, yaani jinsi vitu vinavyopungua kadiri vinavyosogea mbali, na muundo wa mifupa na misuli ya mwili, havikwepeki. Kitabu cha Andrew Loomis kuhusu uchoraji wa mwili, kilichotoka mwaka 1943, na cha Scott Robertson kuhusu kuchora vitu kwa umbali, cha mwaka 2013, vimepishana miaka 70, na vyote viwili vinamtaka msomaji aone umbo la pande tatu ndani ya mistari. Ngazi hii haihitaji umeme. Penseli na daftari kwenye kituo cha daladala vinatosha: abiria anayesubiri hubadilisha mguu wa kuegemea kila baada ya dakika moja hivi, na katika dakika hiyo mchoraji anajifunza uzito wa mwili unakwenda wapi.

Ngazi ya tatu ni rangi. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo mwanafunzi wetu anapopotezwa zaidi na masomo ya kuazima.

Chukua uso wa mwanamke mweusi aliyesimama juani saa tisa alasiri, kwenye barabara ya udongo mwekundu. Mwanafunzi anachagua kahawia moja. Kivulini anaongeza nyeusi, penye mwanga anaongeza nyeupe. Matokeo yake ni uso uliopauka, usio na uhai, na yeye haelewi amekosea wapi kwa kuwa alifuata somo hatua kwa hatua.

Sababu iko kwenye tabia ya mwanga. Unapoifikia ngozi, sehemu yake ndogo hudunda papo hapo juu ya ngozi, na sehemu nyingine huzama ndani, ikapunguzwa na melanini, kisha ikatoka na rangi ya mtu huyo. Ile inayodunda juu ni karibu sawa kwa watu wote, wawe weusi au weupe. Kwenye ngozi nyeusi, mwanga unaotoka ndani ni mdogo, kwa hiyo ule unaodunda juu hujitokeza kwa nguvu. Ndipo paji la uso na mfupa wa shavu vinapong'aa kwa mipaka mikali. Upande wa kivuli unaotazama anga huchukua ubuluu wa anga, na chini ya kidevu huonekana wekundu unaopanda kutoka ardhini. Kahawia yenyewe, ile ya kati, imekolea kuliko wengi wanavyothubutu kuichora. Weka hayo manne mahali pake, na uso unafufuka bila kuongeza hata unywele mmoja.

Masomo mengi ya mtandaoni hufundisha ngozi nyeupe na kuiita ngozi tu. Upigaji picha ulipitia hapo zamani: kwa miongo mingi maabara za filamu zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kama kadi ya Shirley, na nyuso nyeusi zikamezwa na giza. Mwanafunzi aliyekariri orodha ya rangi za mwalimu wake ataurithi upungufu uleule. Aliyeelewa mwanga unafanya nini anaweza kuchora ngozi yoyote, chini ya jua lolote. Kitabu cha James Gurney kuhusu rangi na mwanga, kilichotoka mwaka 2010, kinapendwa na wachoraji wa gemu kwa sababu hiyo: kinaeleza chanzo, kikamwachia msomaji uamuzi.

Kompyuta inapobeba na inapopoteza

Programu ya kuchora na kuhariri picha ya Photoshop ilianza kuuzwa mwaka 1990, na katika muongo huo wachoraji kama Craig Mullins wakaonyesha kwamba kalamu ya kielektroniki inaweza kubeba uzito wa uchoraji halisi. Mullins aliingia kwenye kompyuta akiwa na mafunzo ya chuo cha Art Center cha California na mkono uliokwisha kuzoea rangi. Ukitazama kazi zake kwa karibu unakuta mipigo michache ya brashi, mikubwa, mingine ya kihuni kabisa. Ukirudi nyuma hatua mbili, meli imesimama baharini na mwanga wa jioni umeligonga tanga. Kila mpigo uliwekwa na mtu aliyejua kwa nini anauweka.

Mwanafunzi anayeanzia kwenye kompyuta hana kinga hiyo, na chombo chenyewe kina vishawishi vyake. Kitufe cha kurudisha nyuma kinamfanya apige mstari mara ishirini bila kufikiria hata mmoja. Uwezo wa kukuza picha unamfungia kwenye jicho la mhusika ilhali mabega yamepinda. Tabaka zinazopandishwa juu ya tabaka zinamruhusu aahirishe kila uamuzi, hadi faili ina tabaka 80 na hakuna hata moja iliyokamilika. Kidondoa rangi, kile kitufe cha kunyonya rangi kutoka kwenye picha nyingine, kinampa jibu bila kumwonyesha hesabu. Kubandika vipande vya picha za kamera ni mbinu halali inayotumika sana studio, lakini anayeianza mapema hupata ukuta wenye mwanga wa asubuhi uliokaa karibu na mlango wenye mwanga wa jioni, asijue kwa nini picha haitulii.

Dawa za vishawishi hivyo ni rahisi. Fanya mazoezi kwa tabaka moja na brashi moja ya duara. Igeuze picha kushoto kulia kila baada ya muda mfupi, na uso uliopinda utajitangaza wenyewe. Iondolee rangi, uone kama bado inasomeka. Ipunguze mpaka iwe ndogo kuliko kidole gumba. Mwanafunzi anayefanya hivyo kila siku hutumia faida za kompyuta, ambazo ni kubwa mno: kujaribu mwanga wa namna kumi kwenye mchoro mmoja ndani ya saa moja, bila kununua kopo hata moja la rangi.

Kuhusu vifaa, mwanzoni visimtishe mtu. Tableti ya kuchorea isiyo na skrini, unayoichomeka kwenye kompyuta na kuchora ukitazama mbele, ni nafuu zaidi kuliko yenye skrini, na mkono huizoea baada ya wiki chache. Photoshop iliingia mfumo wa kulipia kila mwezi mwaka 2013, mzigo usio wa lazima kwa mtu ambaye bado anajifunza mwanga na giza. Krita hufanya kazi bila intaneti, na ina karibu kila kitu anachohitaji mchoraji wa mwaka wa kwanza.

Mjenzi anayeusubiri mchoro

Mtu wa pili anayengojea mchoro ni yule anayeujenga. Studio huhitaji wachoraji wa dhana wachache, yaani wanaobuni sura ya kitu kabla hakijajengwa, na watu wengi zaidi wa kuchonga maumbo, kuyavisha ngozi, yaani rangi za nyuso zake, kupanga mwanga na kutengeneza vitufe vya skrini. Mwanafunzi anayechora kwa ndoto ya kiti kimoja tu cha mchoraji wa dhana anajifungia milango. Anayechora ili aelewe maumbo na mwanga ana cha kupeleka kwenye viti vyote hivyo.

Tuseme amepewa kazi ya kubuni mji wa kale wa Waswahili, wa namna ya Lamu. Picha ya haraka inakuja kichwani: ukumbi mpana, dari ya juu, mlango wa nakshi. Inapendeza, lakini nyumba ya mawe ya pwani haikujengwa hivyo. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu ya juu hulala juu ya boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake, na urefu huo ndio uliopanga upana wa chumba: takriban mita 3 au pungufu. Ndiyo sababu vyumba ni virefu na vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, na nuru hupungua kadiri unavyoingia ndani kutoka uani. Mchoraji aliyejua hilo tayari amepata mchezo: njia nyembamba, adui anayetoka gizani, uani penye jua kama mahali pa kupumulia. Asiyelijua anamkabidhi mjenzi ukumbi usio na kinachoubeba, na mjenzi ataujenga kama ulivyo, kwa sababu kazi yake ni kufuata mchoro.

Hata kuvisha maumbo rangi kunahitaji mchoraji ajue gemu yake inachorwaje na mashine. World of Warcraft, iliyotoka mwaka 2004, ilifanya mwanga na kivuli vichorwe kwa mkono moja kwa moja kwenye ngozi za vitu, kwa sababu kompyuta za wakati huo hazikumudu kuvikokotoa vyote. Miaka ya 2010 studio nyingi zilihamia mfumo unaoiga tabia halisi ya nyenzo: mchoraji hutoa rangi tupu isiyo na kivuli, pamoja na ramani zinazoieleza mashine wapi panakwaruza na wapi ni chuma, na mashine inakokotoa mwanga yenyewe. Aliyezoea kuchora kivuli kila mahali akiingia kwenye mfumo huo hupata vivuli viwili juu ya kitu kimoja. Mtindo wa mkono haujafa. Simu zenye nguvu ndogo bado zinauhitaji. Mifumo yote miwili inataka mtu anayejua mwanga ungefanya nini, kisha achague ni nani afanye hesabu hiyo, yeye au mashine.

Hazina iliyo karibu

Edward Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora akiwa Dar es Salaam kwa rangi ya kung'aa juu ya vipande vya ubao: mnyama mwenye umbo la nje lisilokosewa, juu ya rangi moja tupu. Chui wake unamtambua kutoka ng'ambo ya barabara. Mtindo huo uliwahi kuhamishiwa kwenye katuni za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010. Kile ambacho Valve waliita swali la pili la mchezaji, mafundi wa Dar es Salaam walikuwa wakikijibu kila siku kando ya barabara.

Soko nalo limeanza kufunguka kwa hadithi za kwetu. Studio ya Leti Arts, yenye mizizi Accra na Nairobi, ilianza mwaka 2009. Kiro'o Games ya Kameruni ilitoa gemu ya Aurion mwaka 2016. Mwaka 2024 Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, na studio yake ya Surgent walitoa gemu ya Tales of Kenzera: Zau, iliyojengwa juu ya masimulizi ya Kibantu na yenye sauti za Kiswahili. Ajira kwenye tasnia hii ulimwenguni si za uhakika, na studio kubwa zimepunguza watu wengi tangu mwaka 2023. Katika hali hiyo, mchoraji anayejua boriti, khanga, udongo mwekundu na ngozi nyeusi chini ya jua la alasiri ana kitu ambacho wengine watalazimika kumuuliza.

Mashine inayomaliza haraka

Mwaka 2022 Midjourney na Stable Diffusion, programu za akili mnemba za kutengeneza picha, zilifunguliwa kwa umma, na maneno machache yakaanza kuzaa deraya zinazong'aa ndani ya sekunde. Desemba mwaka huo wasanii waliijaza ArtStation, tovuti wanayoonyeshea kazi zao, mabango ya kupinga. Januari 2023 Sarah Andersen, Kelly McKernan na Karla Ortiz walifungua kesi California, wakidai kazi za wasanii zilitumika kuifunza mashine bila ridhaa. Januari 2024 Valve ikaanza kuwataka watengenezaji wanaouza kwenye duka lake la Steam waeleze pale walipotumia akili mnemba.

Malalamiko ya wasanii hao ni ya haki, na hofu ya wanafunzi ina msingi: kazi ndogondogo za awali, ambazo zamani zilimpa kijana mlango wa kuingilia, ndizo zinazoguswa kwanza. Lakini tuangalie mashine imerahisisha nini. Imerahisisha umaliziaji, kile kilekile ambacho mwanafunzi wa mpangilio mbovu amekitolea miaka yake. Itampa ukumbi mpana wa Lamu wenye dari ya juu, uliong'arishwa vizuri, na asiyejua boriti ataupokea kwa furaha. Itampa uso, na asiyejua mwanga hataona kwamba kivuli cha pua kinakwenda kulia na cha kidevu kinakwenda kushoto. Kusahihisha kunataka jicho lilelile linalotakiwa katika kuchora.

Msimamo wangu ni kwamba katika miaka ya mafunzo mashine hiyo iwekwe kando. Kila uamuzi inaoufanya kwa niaba ya mwanafunzi ni somo alilonyang'anywa, na hakuna njia ya kulipata baadaye isipokuwa kurudi mwanzo.

Vyuo vipime nini

Vyuo vyetu vinavyofundisha fani hii vina nafasi ya kupanga mambo vizuri mapema. Mara nyingi wanafunzi hukosoana kwa adabu iliyozidi: picha inawekwa ukutani, wote wanasema iko vizuri, somo limekwisha. Swali la kama picha ni nzuri liondolewe. Mahali pake yaulizwe maswali yenye majibu: umemwona nani kwanza? Adui ni yupi? Jua liko upande gani? Mlango unafungukia wapi? Aulizwe mtu ambaye hajawahi kuiona picha hiyo, na aonyeshwe kwenye simu.

Kisha mchoro ukabidhiwe mwanafunzi mwingine, aujenge kwa Blender bila kuzungumza na aliyeuchora, akiandika kila swali linalomjia. Nyuma yake pakoje? Hiki ni chuma au mbao? Mkono huu unaungana wapi na bega? Maswali hayo ndiyo orodha kamili ya kile ambacho mchoraji hajajifunza, na alama za mwaka wa kwanza zitolewe hapo. Umaliziaji uanze kuhesabiwa mwaka wa pili, baada ya orodha kuwa fupi. Kijana aliyelelewa kwa kipimo hicho anaweza kubadilisha programu, injini ya gemu, hata nchi ya kufanyia kazi, na timu itakayompokea itaanza kujenga siku anayowakabidhi mchoro wake.